Vitufe vya chanjo vinavyomezwa: nani huvipokea ndani ya utumbo, na huishia wapi?

Swali: Yambo Docta. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya huku Kadutu, Bukavu. Kwenye semina ya chanjo mkufunzi alitueleza kwamba kuna watafiti wanaoweka chanjo ndani ya vitufe vidogo visivyoonekana kwa macho. Mtu anavimeza, halafu seli fulani za kinga ndani ya utumbo zinavifyonza vikiwa vizima. Sikuelewa. Tumbo linameng'enya nyama, maharagwe, hata sambaza na miiba yake. Hivyo vitufe vinaponaje? Na je, si ni plastiki tu? Nilipowasimulia kina mama siku ya kupima watoto, mmoja akauliza kama vitabaki ndani ya mtoto maisha yake yote. Akauliza pia kama mtoto anaweza kunyonya mara baada ya kupewa matone ya mdomoni. La kwanza lilinishinda, la pili nilijibu kwa kubahatisha.

Jibu: Yambo, dada. Mkufunzi wenu hakuwadanganya. Jambo hilo limeonekana kwa hadubini tangu zaidi ya miaka 30 iliyopita. Ila alilifupisha mno, na alichokiacha ndicho hasa mama yule alitaka kujua.

Nianze na kumeng'enywa, maana ni rahisi kuliko unavyodhani. Tumbo halivunji kila kinachoingia. Kila kimeng'enya kina kazi yake: hiki hukata protini, kile wanga, kingine mafuta. Kitu kisicho na kimeng'enya chake hupita tu, na ndiyo maana mbegu za mapera na za nyanya hutoka upande wa pili kama zilivyoingia. Vitufe unavyoviuliza mara nyingi hutengenezwa kwa polima (mnyororo mrefu wa molekuli) inayoitwa PLGA, na kinachoivunja hiyo ni maji, polepole, kwa majuma na miezi. Safari yenyewe ni ya saa chache: kitambo katika mfuko wa tumbo, kisha saa tatu hadi tano katika utumbo mwembamba. Kwa muda huo kitufe hakijaanza hata kulegea. Protini ya chanjo iliyofichwa ndani yake hupita katika asidi bila kuguswa, ilhali ingepita peke yake ingekatwakatwa kama nyama yoyote ya chakula cha mchana.

Kupona tumboni, basi, si muujiza. Kazi kubwa ni kuvuka ukuta wa utumbo.

Ukuta huo kwa ndani umefunikwa na safu moja tu ya seli. Moja tu, na hujifanya upya kila baada ya siku chache. Seli hizo zimebanana sana, na upande unaotazama chakula zina vinyweleo vingi vidogo vilivyosimama wima, vimefunikwa na ute. Zimeumbwa kufyonza vitu ambavyo tayari vimekuwa vidogo kabisa: sukari, asidi amino, chumvi, mafuta yaliyovunjwa. Kitufe chenye upana wa mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, ni zaidi ya mara elfu ya upana wa molekuli ya sukari. Kikifika hapo hukutana na ute, kisha vinyweleo, kisha seli ambazo kazi yao kubwa haihusiani nacho. Vingi huteleza na kuendelea hadi chooni.

Lakini ukuta usiopitisha chochote ungekuwa na hatari yake. Seli za kinga zinakaa chini ya ukuta, nyuma, haziwezi kuona kinachopita ndani ya utumbo. Zikisubiri hadi kijidudu kitoboe chenyewe, zitakuwa zimechelewa. Kwa hiyo mwili umeweka sehemu maalumu ambapo vitu huokotwa kwa makusudi na kupelekwa vikachunguzwe. Ni kama pale mpakani Ruzizi, ambapo mkaguzi hafungui kila gunia la lori: anachomoa kiasi kidogo, anakipeleka maabara, na lori linaendelea.

Sehemu hizo zinaitwa mabaka ya Peyer, kwa jina la Johann Conrad Peyer, mganga wa Uswisi aliyeyaeleza mwaka 1677. Yako hasa kuelekea mwisho wa utumbo mwembamba, na ukiufungua utumbo unaweza kuyaona kwa macho: madoa marefu kidogo yaliyoinuka. Mtu huzaliwa akiwa nayo, huongezeka hadi kupita 200 anapobalehe, kisha hupungua kadiri umri unavyosonga hadi kufika karibu nusu uzeeni. Ndani ya kila baka kuna makundi ya seli za kinga, yaani limfosaiti, makrofaji (wamezaji wa vijidudu) na seli za dendriti, yote yakingoja kuletewa.

Anayeleta ndiye yule ambaye mkufunzi wenu alimwita "seli ya kinga". Hapa nina rekebisho. Seli inayokimeza kitufe si seli ya kinga. Ni seli ya ukuta wenyewe, ndugu wa zile zinazofyonza sukari, ila imebadilishwa ifanye kazi nyingine. Robert Owen na mwenzake Jones waliipa jina la seli M mwaka 1974, baada ya kuiona kwa hadubini ya elektroni katika mabaka ya Peyer ya binadamu. Kinachoigeuza ni amri kutoka chini: seli za tishu zilizo ndani ya baka hutoa protini iitwayo RANKL, na seli changa ya ukuta ikiipokea huacha njia ya kawaida na kuwa seli M. Wanasayansi wamewachoma panya sindano ya RANKL na kuona seli M zikichipuka hata mahali ambapo kwa kawaida hazipo.

Itazame kwa makini, kwa sababu umbo lake ndilo linaloeleza kila kitu. Haina ule msitu wa vinyweleo vilivyosimama. Ina mikunjo mifupi, ya hapa na pale. Ute juu yake ni mwembamba. Lisosomu zake, yaani vile vifuko vya ndani vinavyosaga vitu ambavyo seli imemeza, ni chache. Seli ya kawaida ikimeza protini huisaga. Seli M huifunga katika kifuko na kuivusha hadi upande wa pili bila kuisaga. Na upande huo wa pili haukunyooka: umebonyea ndani kama mfuko, na mfukoni humo wamejibana limfosaiti na makrofaji. Umbali ambao mzigo husafiri ndani ya seli unakuwa mfupi sana. Katika wanyama waliochunguzwa, protini iliyowekwa ndani ya utumbo imeonekana upande wa pili wa seli M kabla ya saa moja kwisha. Hapo ndipo seli za kinga halisi hukichukua kitu, hukipasua, na kuwaonyesha wenzao vipande.

Ni seli chache mno. Juu ya baka la Peyer la binadamu au la panya, ni kama seli moja kati ya 10 au 20, na nje ya mabaka ni nadra kuiona. Ikiwa kuna jambo moja nataka ulikumbuke utakaposikia habari za chanjo hizi redioni, ni uchache huo. Nitaurudia mbele.

Kuhusu vitufe vyenyewe, kazi iliyofungua njia ilichapishwa mwaka 1990 na John Eldridge na wenzake wa chuo kikuu cha Alabama kilichoko Birmingham, Marekani. Waliwapa panya vitufe vyenye rangi inayong'aa, kisha wakakata mabaka ya Peyer na kuvitafuta kwa hadubini. Waliyoyapata bado tunayafundisha. Kwanza, kitufe kikizidi mikromita 10 hakiingii. Kwa kulinganisha, chembe nyekundu ya damu ina mikromita 7 au 8, na bakteria wengi wa tumboni wana mikromita 1 hadi 3. Njia hii, basi, ina kipimo cha kijidudu. Chochote chenye ukubwa wa kijidudu kinatazamwa kama huenda ni kijidudu, na kinachukuliwa.

Pili, na hapa ndipo mimi hupenda kukaa na wanafunzi, kipimo cha mikromita 5 kiligawanya vitufe mafungu mawili yenye maisha tofauti kabisa. Vilivyozidi 5 viliingia katika baka na vikabaki humo humo, majuma kwa majuma, vikimomonyoka mahali pake na kutoa chanjo kidogo kidogo. Vilivyo chini ya 5 vilimezwa na makrofaji, na makrofaji hazikutulia: zilivibeba katika mishipa ya limfu hadi kwenye tezi za limfu za utumbo, na baadaye hadi kwenye wengu. Maana yake kwa kinga ni kubwa. Kitufe kinachobaki katika baka huchochea zaidi kingamwili aina ya IgA, ile inayomwagwa katika ute wa utumbo, mate na maziwa ya mama. Kitufe kinachosafiri hadi kwenye wengu huchochea kingamwili za damuni. Mtengenezaji akichanganya vitufe vya ukubwa tofauti anaweza, angalau kwenye karatasi, kupata vyote viwili kwa kumezwa mara moja.

Tatu, si ukubwa peke yake. Walijaribu vitufe vya mada nyingi. Vile vinavyokataa maji, PLGA ikiwamo, viliingia vizuri. Vilivyotengenezwa kwa jamii ya selulosi havikuingia kabisa ingawa ukubwa ulikuwa ule ule. Baadaye, mwaka 1996, kundi lingine lilipima katika utumbo wa panya na kuona kwamba chembe za nanomita 100, yaani sehemu ya kumi ya mikromita, zilichukuliwa mara nyingi zaidi kuliko zile za mikromita 1 au 10, na si mabaka ya Peyer peke yake yaliyozichukua. Tishu za kawaida pia zilichukua kiasi. Kwa hiyo mtu akikwambia kila chembe huingia kwa seli M tu, usikubali haraka. Chembe zikiwa ndogo sana hupata njia nyingine pia. Kuna hata seli za dendriti zinazopenyeza mikono yao kati ya seli za ukuta na kujichukulia zenyewe.

Sasa swali la plastiki. Una haki ya kuuliza, maana mtu akisikia "polima" anafikiria sashe ya maji. PLGA ni mnyororo wa vitu viwili: asidi laktiki na asidi glikoliki. Asidi laktiki unaijua, ni ileile inayojaa katika msuli wa mtu aliyekimbia akipanda ngazi za Kadutu. Maji yakikata mnyororo, vipande hivyo viwili huingia katika mitambo ya kawaida ya seli na kuishia kuwa hewa ya kaboni dioksaidi na maji. Ile yenye nusu kwa nusu ya asidi hizo mbili huisha kwa mwezi mmoja au miwili hivi. Ukizidisha sehemu ya laktiki, hudumu miezi mingi zaidi. Hiyo ndiyo maana ya kusema kitufe kinaoza mwilini.

Na kitu hiki si kigeni katika kazi yenu. Nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe, ambazo madaktari wa upasuaji na wakunga wamezitumia tangu miaka ya 1970, ni za ukoo huo huo wa polima. Mama aliyeshonwa baada ya kujifungua, akaambiwa asirudi kutolewa nyuzi, huenda tayari amewahi kubeba polima hiyo katika mwili wake, ikaisha bila yeye kujua. Kuna pia sindano ya leuprolidi, dawa ya saratani ya tezi dume, ambayo tangu 1989 hufungwa katika vitufe vya aina hii ili dawa itoke kwa mwezi mzima. Tofauti ni njia: hiyo huchomwa, haimezwi.

Mfano wa kitu ambacho kweli hubaki upo, na uko ndani ya mabaka yale yale. Wataalamu wa maabara wanapokata mabaka ya Peyer ya watu wazima huko Ulaya, mara nyingi hukuta makrofaji zenye weusi. Zilipochunguzwa, weusi huo ulionekana kuwa na chembe za titani dioksaidi, ile rangi nyeupe ambayo imekuwa ikitiwa katika peremende, vidonge na dawa za meno, pamoja na chembe za silika na alumini. Hazivunjiki, na makrofaji haina la kufanya nazo ila kuzihifadhi. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku titani dioksaidi katika chakula mwaka 2022. Plastiki ya kweli nayo haina kinachoivunja mwilini, na majaribio mengi ya wanyama kuhusu njia hii yalifanywa kwa vitufe vya polistirini, ambayo ni plastiki halisi, kwa sababu haipotei na ni rahisi kuihesabu. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba "vitufe vilionekana kwenye ini la panya", angalia kwanza ni vitufe vya nini.

Kuna ugunduzi mmoja ambao hausimuliwi vya kutosha, na kwangu ndio unaoondoa ugeni wote wa jambo hili. Mwili wenyewe hutengeneza vitufe. Mwaka 2015 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba kalsiamu na fosfati zinazomwagwa ndani ya utumbo, pamoja na magnesiamu kidogo, hujikusanya zenyewe kuwa chembe za nanomita 100 hivi katika sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Zinapojiunda hunasa vipande vya chakula na vya bakteria, kisha huchukuliwa na mabaka ya Peyer, zikafika kwa seli za kinga na mzigo wao. Ndani ya seli huyeyuka. Ni kitufe kinachooza, chenye antijeni (kipande ambacho kinga hukitambua) ndani, kinachopita kwa seli M, na hakuna kiwanda kilichokigusa. Watafiti wa PLGA walikuwa wanaiga kitu ambacho kila mtu aliyekula sombe leo anakifanya bila habari.

Ila ugunduzi huo una upande wa pili, unaowatesa watengenezaji wa chanjo. Seli zilizobeba chembe hizo za asili zilionyesha dalili za kutuliza kinga, si za kuiwasha. Na ina mantiki: sehemu kubwa ya vitu vinavyopita utumboni ni chakula na bakteria wasio na ubaya. Kama kila kilichookotwa kingeanzisha vita, tusingeweza kula maharagwe mara mbili. Kuvuka seli M, basi, si sawa na kuchanjwa. Chanjo inapaswa kufika pamoja na ishara ya hatari, la sivyo mwili utaifundisha kinga iizoee antijeni hiyo badala ya kuipiga. Ndiyo sababu watafiti huongeza ndani ya kitufe kichocheo fulani, mara nyingi sehemu ya bakteria iliyotolewa makali.

Adui nao waliijua njia hii kabla yetu. Umemhudumia mgonjwa wa tifoide ambaye katika juma la tatu tumbo linakuwa gumu kama ubao, akakimbizwa hospitali kufunguliwa. Daktari wa upasuaji anajua pa kutafuta tundu: mwisho wa utumbo mwembamba, kwenye mabaka ya Peyer. Salmonela Typhi iliingilia hapo, ikaongezeka humo, na baka likaoza hadi kutoboka. Shigela, ile ya kuhara damu, ni mjanja zaidi. Kwa upande wa juu, ule unaotazama chakula, haiwezi kuzivamia vizuri seli za kawaida za ukuta. Inajiachia ibebwe na seli M, inaiua makrofaji inayoipokea chini, halafu inazishambulia seli za ukuta kutoka nyuma. Waliokuwa Goma Julai 1994 wanakumbuka jinsi kipindupindu kilivyowapiga wakimbizi waliotoka Rwanda, kisha kuhara damu kukafuata kabla watu hawajamaliza kuzika. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Vibrio cha kipindupindu hakihitaji kuvuka ukuta ili kuua. Hubaki juu yake na kumwaga sumu yake. Shigela iliyofuata ilikuwa ya kuvuka.

Polio nayo hupita humo, na hapo ndipo chanjo ya matone inapopata nguvu yake: ni kirusi hai kilichodhoofishwa, kinachofuata njia ileile ya kirusi kikali na kuacha IgA mlangoni. Eneo letu lina sehemu katika historia hiyo. Mwaka 1958, chini ya utawala wa Wabelgiji, zaidi ya watu 200,000 wa bonde la Ruzizi walipewa chanjo hai ya polio iliyotengenezwa na Hilary Koprowski, kwa kunyunyiziwa mdomoni, katika muda wa majuma machache tu. Ilikuwa miongoni mwa kampeni kubwa za kwanza za chanjo hiyo duniani. Kuhusu ridhaa ya watu hao, viwango vya wakati ule si vya leo, na wazee wa Uvira wana haki ya kulisema hilo.

Nikuoneshe kitu kingine. Chanjo ya kipindupindu ya kumeza, ile iliyopewa watu kwa mamia ya maelfu huko Goma mwaka 2019, tayari ni vitufe. Ndani ya kichupa kuna vibrio waliouawa, wazima kwa umbo, kila kimoja na mikromita moja au mbili za urefu. Seli M haijui kwamba vimekufa. Inavichukua vivyo hivyo. Mdudu aliyekufa ni chembe yenye ukubwa unaofaa, ngozi inayofaa, na ishara za hatari zimo ndani yake tayari. Anaoza pia. Polima ilibuniwa ili kufanya kazi hiyo kwa magonjwa ambayo huwezi, au hutaki, kutumia mdudu mzima.

Kwa nini basi hamna chanjo ya vitufe vya PLGA katika friji ya kituo chenu? Hakuna hata moja ya kumeza iliyoidhinishwa kwa binadamu. Sababu kubwa ni ule uchache niliokuahidi kuurudia. Ukimpa mtu vitufe mamilioni, sehemu kubwa sana hupita bila kuguswa. Angalia chanjo ya kipindupindu inayoitwa Dukoral: dozi moja ina bakteria kama bilioni 100, ilhali chanjo za sindano hutumia mikrogramu chache za protini. Kwa chanjo iliyo rahisi kuotesha, kama vibrio, unaweza kumwaga bilioni bila kujali hasara. Kwa protini iliyosafishwa kwa gharama, huwezi.

Halafu mnyama wa maabara hutudanganya. Sungura ana seli M nyingi sana juu ya mabaka yake, mara nyingi zaidi ya zetu, na matokeo yake hupendeza. Panya seli zake M zina alama ya sukari ambayo protini moja ya mmea hujishika nayo, na watafiti waliipaka juu ya vitufe ili vinaswe kwa wingi. Wakafurahi, hadi ilipoonekana kwamba seli M za binadamu hazibebi alama ileile. Alama nyingine, protini ya GP2, inayoshika vinyweleo vya bakteria kama salmonela, ilielezwa mwaka 2009 na bado inafanyiwa kazi. Kiwandani nako kuna shida: kemikali za kutengenezea vitufe zinaweza kuipinda protini, na kitufe kinapooza hutoa asidi ndani yake, kwa hiyo chanjo iliyohifadhiwa inaweza kuharibiwa na kifungashio chake chenyewe. Majaribio kwa watu waliojitolea, kwa kutumia protini za bakteria wa kuhara wa aina ya E. koli, yalifanywa miaka ya 1990 na 2000. Yalikuwa salama. Mwitikio wa kinga ulikuwa hafifu.

Na kwa watoto wetu kuna la ziada. Mtoto anayekunywa maji machafu na kuhara mara kwa mara huwa na utumbo uliovimba na kuchakaa hata siku asipoumwa, na chanjo za mdomoni, ya polio na ya rota (kirusi cha kuhara), hufanya kazi hafifu kwake kuliko kwa mtoto wa Ulaya. Kitufe kizuri kiasi gani hakitaondoa hilo. Bomba la maji safi katika avenue yenu lingeisaidia kila chanjo ya kumeza, iliyopo na itakayokuja, kuliko uvumbuzi wowote wa polima ninaoufahamu, nami nasema hivyo nikiwa mtu anayezipenda polima.

Kwa mama yule, unaweza kumjibu hivi. Matone anayopewa mtoto wake leo hayana vitufe vya polima ndani. Siku chanjo ya namna hiyo ikija, vitufe vingi vitatoka na choo siku moja au mbili baadaye, na vile vichache vitakavyochukuliwa vitaisha ndani ya majuma au miezi, kama uzi wa kushonea unavyoisha. Hakuna kitakachobaki cha kuhesabu.

Na kunyonyesha: mwache anyonyeshe, kabla na baada ya matone. Ni kweli maziwa ya mama yana IgA inayoweza kukamata sehemu ya chanjo, na watafiti wamejaribu kuwazuia akina mama wasinyonyeshe kwa saa moja ili waone kama mwitikio utapanda. Haikuleta faida ya maana, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauwekei unyonyeshaji masharti yoyote kwa chanjo ya polio wala ya rota. Ila mtoto akiyatema au kuyatapika matone ya polio papo hapo, mpe mengine.